Mtu Ndani ya Kompyuta ya Getruda

Getruda aliponiambia kwamba kuna mtu ndani ya kompyuta yake, nilimtazama machoni kwanza. Nilitaka kujua kama analala vizuri. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, mjane, anaishi peke yake hapa Nyasho, mjini Musoma, na mtoto wake wa pekee, Flora, yuko Dodoma kikazi. Mtu wa namna hiyo akianza kutaja watu wasioonekana, jirani unapata wasiwasi.

"Mtu gani?" nikamuuliza.

"Ningemjua ningemtaja. Nilikuwa nimekaa hapa hapa, mikono yote miwili imeshika kikombe. Kishale cha kwenye kioo kikatembea chenyewe. Kikaenda mpaka kwenye folda ya barua, kikasimama kidogo, kikarudi."

"Labda kipanya kimeharibika."

"Kipanya nilikuwa nimekichomoa, Wegesa."

Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka ibadani, bado tumevaa sare za kwaya. Kompyuta ilikuwa mezani, lakini Getruda alikuwa ameigeuza ikaangalia ukuta, kama mtoto aliyeadhibiwa. Hilo lilinitia hofu kuliko maneno yake, maana hakuna kitu alichokipenda kama kile.

Niwaeleze kidogo. Getruda alifanya kazi ya ukatibu muhtasi serikalini karibu miaka thelathini. Alipostaafu, haukupita mwaka mumewe, Mwalimu Eliasi Masatu, akafariki. Nyumba ikawa kimya kabisa. Siku tulipomaliza matanga, Fredi, mdogo wake marehemu, ambaye ana duka la kuuza na kutengeneza kompyuta kule Bunda, alimletea laptopu iliyotumika. Akamwambia, "Shemeji, wewe umezoea kuchapa. Usikae mikono mitupu."

Alianza kwa kuchapa mihtasari ya vikao vya kanisa. Haikumtosha. Akagundua kwamba mtandaoni kuna programu za bure, nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzimaliza, na akaanza kuzijaribu. Alijaribu ya kuonyesha nyota zilizo juu ya Musoma. Alijaribu ya kuchora ramani za nyumba, akachora jiko lake mwenyewe, mlango ukatokea kwenye tanki la maji, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Nyingine ilimsomea magazeti kwa sauti ya mwanaume mwenye mafua. Kila programu aliyoipakua aliiandika kwenye daftari kubwa: tarehe, jina, inafanya nini, imemsumbua wapi. Mwisho wa mstari aliweka neno moja tu, imebaki au imefutwa. Wanawake wenzake wanafuma, yeye anajaribu programu. Ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe.

Kati ya zile zilizobaki, moja ilimgusa kuliko zote. Inaitwa Sauti Nne. Ni ya kuandikia nota za kwaya, zile za do, re, mi, na mistari ya sauti zote nne inapangwa yenyewe moja chini ya nyingine. Aliyeitengeneza ni mwalimu wa hisabati huko Sumbawanga, jina lake Lukas. Getruda aligundua kwamba ukichapisha wimbo wenye kurasa mbili, sauti ya tenor inapotea kwenye ukurasa wa pili. Akamwandikia Lukas imeili kumweleza. Kesho yake akapata jibu: "Mama, kosa hilo nimelitafuta miezi miwili. Nakushukuru sana. Ukiona jingine usisite."

Akaona jingine, na jingine. Kila baada ya wiki mbili Lukas alimtumia toleo jipya, Getruda analijaribu, anamrudishia orodha ya makosa. Baadaye wakawa wanaulizana na hali. Yeye alimweleza habari za Eliasi, Lukas akamweleza habari za mkewe aliyekuwa anaumwa mgongo. Barua zake zote Getruda alizimalizia hivi: Mama Flora, Musoma. Kwenye mazoezi alikuwa akituambia, "Lukas wangu ametoa toleo jingine," na sisi wa sauti ya pili tunakohoa kwa makusudi.

Sasa mwezi wa tatu Lukas akanyamaza. Getruda aliandika mara tatu, hakuna jibu. Ni mwezi huo huo kishale kilipotembea chenyewe.

"Na siyo hicho tu," akaniambia Jumapili ile. Aligeuza kompyuta, akanionyesha orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni. "Ona hii. Karatasi za shamba la Butiama, zile nilizopiga picha. Zimefunguliwa Jumanne, saa nne asubuhi. Jumanne saa nne mimi nilikuwa wapi?"

"Kliniki ya presha. Tulienda wote."

"Na kompyuta niliiacha inawaka kwa sababu ilikuwa inapakua programu kubwa. Mtu ameingia humu, Wegesa. Amesoma karatasi za Eliasi."

Nilirudi kwangu nikiwa sijui niamini nini. Jioni yake alikuja mlangoni, hakutaka kukaa.

"Ule ufunguo wangu wa akiba," akasema, "nauhitaji."

Ufunguo ule nilikuwa nao tangu msiba, kwa ajili ya kulisha kuku wake anaposafiri. Nilimpa. Ni baada ya yeye kuondoka ndipo nilipoelewa, na chakula kikanishinda. Asubuhi nikaenda kwake moja kwa moja.

"Getruda, unanishuku mimi?"

Hakukwepa. "Nilishuku kila anayeweza kuingia humu ndani."

"Mimi hata kuiwasha siwezi! Na Jumanne tulikuwa wote kliniki!"

"Najua. Nimelifikiria hilo usiku, ndiyo maana nimekutoa kwenye orodha." Akanisogezea kiti. "Kaa basi. Nataka uone nilichokipata."

Alikuwa amefungua orodha ya programu zote zilizomo kwenye kompyuta na kuilinganisha na daftari lake, mstari kwa mstari, kama anavyolinganisha mihtasari. Kila programu ilikuwa na mstari wake, isipokuwa moja.

"Hii sikuiweka mimi. Haimo kwenye daftari." Alisoma maelezo yake mtandaoni kwa sauti. Ilikuwa programu wanayotumia mafundi kuingia kwenye kompyuta ya mtu wakiwa mbali, wakaiona na kuishika kama vile wamekaa mbele yake. Haikuonyesha jina la anayeingia, ilionyesha namba tu, tarakimu tisa. Lakini tarehe iliyowekwa ilikuwepo: tarehe ishirini na nane Desemba.

"Siku hiyo nani alikuwa hapa?" nikauliza.

"Fredi na familia yake walikuja kula sikukuu. Na Fredi alikaa hapo mezani, akasema anaangalia printa." Akafunga daftari. "Fredi ni fundi. Laptopu yenyewe imetoka kwake. Na siku ya matanga aliniuliza nitalifanyia nini shamba la Butiama."

Nilikumbuka kwamba Flora pia alikuwepo. Alikuja likizo ya Krismasi, akaondoka baada ya mwaka mpya. Getruda hakumtaja, nami sikumtaja. Mama akimwacha mwanawe nje ya orodha, wewe ni nani umwingize?

"Ifute," nikamshauri.

"Nikiifuta atajua nimemwona, na mimi sitamjua. Wacha ikae."

Tulikwenda Bunda siku ya Alhamisi. Njia nzima Getruda alikumbatia mkoba wenye kompyuta, hakunisemesha. Duka la Fredi liko upande wa sokoni, dogo, limejaa waya na vioo vilivyopasuka. Ilikuwa siku ya gulio na wateja walikuwepo kama watano. Fredi alituona akafurahi, akaanza kutafuta viti.

"Shemeji! Mbona hukunipigia ningekuja kukupokea? Twende nyumbani Nyasura kwanza, mama watoto—"

"Sikuja kula," Getruda akasema. "Fredi, kwa nini unaniingilia kwenye kompyuta yangu?"

Watu waligeuka. Fredi alitabasamu bado, kama mtu aliyesikia vibaya.

"Nakuingilia vipi?"

"Umeweka programu ya kunichungulia tarehe ishirini na nane Desemba. Umefungua karatasi za shamba la kaka yako. Kama unalitaka hilo shamba, sema."

Nilitamani ardhi inimeze. Fredi aliweka chini bisibisi aliyoishika. Alipoongea sauti yake ilikuwa chini, lakini duka zima lilisikia.

"Shemeji, mimi nikitaka kukuuliza habari za shamba nitakuja kwako, nitakaa kwenye kiti, nitakuuliza. Sijawahi kuingia mlango wa nyuma kwa mtu yeyote. Hawa wote wananiachia kompyuta zao hapa na barua zao zote zimo." Akanyoosha mkono. "Nipe niione. Naweza kujua imetokea wapi."

"Huigusi."

"Basi mpe fundi mwingine."

"Huigusi, Fredi."

Alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno, akanitazama mimi, akaufunga. Mteja mmoja, mzee mwenye kofia ya pama, aliomba arudishiwe simu yake, akasema ataitengenezea mahali pengine. Fredi akaitafuta kwenye droo na kumpa, bila kumwangalia. Tukaondoka.

Ndani ya gari la kurudi Getruda aliniuliza, "Umeona alivyofunga mdomo?"

"Nimeona."

"Mtu asiye na kosa hanyamazagi hivyo."

Mimi nilikuwa nimeona aibu usoni kwa Fredi, ila aibu na hatia mara nyingi zina uso mmoja, sikuwa na uhakika.

Siku mbili baadaye akanieleza mpango wake. Alikuwa ameandika barua ya uongo, rasmi kabisa, yenye anwani na kumbukumbu namba, kama zile alizokuwa akiwachapia wakubwa. Ilisema kwamba yeye, Getruda Masatu, amekubali kuuza shamba lote la Butiama, na kwamba Ijumaa ya wiki inayofuata ataweka sahihi. Hakuichapisha. Aliiweka kwenye folda ya barua, akaiacha kompyuta inawaka, akaja zake mazoezi ya kwaya.

"Habari hii anaijua nani?" akaniuliza.

"Wewe na mimi."

"Na yule aliyemo ndani. Sasa tungoje. Fredi atanipigia kabla ya Ijumaa, utaona."

Siku zile zilikuwa ndefu. Simu ikilia, Getruda anainyooshea shingo kwanza kabla ya kuishika. Alikuwa amebandika plasta nyeupe ya kidonda kwenye kijicho cha kamera. Alipochapa kitu alikisoma mara mbili, akakifuta. Programu mpya hakujaribu hata moja. Daftari lilikaa juu ya kabati limefungwa. Nikaona mtu aliyeingia mle, hata kama hakuiba kitu, alikuwa amekwisha kumnyang'anya starehe yake.

Simu ililia Jumatano, saa tisa alasiri. Nilikuwepo, tunachambua dagaa barazani. Alikuwa Flora. Getruda aliweka sauti ya juu ili mikono yake iendelee na kazi. Flora aliuliza presha, akauliza kuku, akauliza kama mvua imeanza kunyesha huku. Kisha akasema:

"Mama, lile shamba la Butiama. Tafadhali usisaini kitu chochote Ijumaa mpaka nije."

Mikono ya Getruda ilisimama kwenye ungo.

"Nani amekwambia mambo ya kusaini?"

Kimya. Nilisikia gari likipiga honi huko Dodoma.

"Flora. Nani amekwambia?"

"Baba mdogo."

"Fredi?"

"Ndiyo, mama. Alinipigia."

"Njoo," Getruda akasema. "Njoo Jumamosi, tukutane Butiama." Alikata simu akanigeukia, macho yanang'aa kama mtu aliyeshinda kesi. "Umesikia? Umesikia kwa masikio yako?"

Nilikuwa nimesikia. Ila nilichokisikia zaidi ni kile kimya kabla ya jina.

"Getruda," nikasema polepole, "kwa nini Fredi ampigie Flora, asikupigie wewe?"

"Kwa sababu anaogopa."

"Na Flora mbona amefikiria sana kabla ya kumtaja?"

Alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya ufunguo. "Wegesa, unataka kusema nini kuhusu mwanangu?"

"Sitaki kusema kitu. Chambua dagaa."

Jumamosi tulifika Butiama kabla ya saa nne. Shamba liko nje kidogo ya mji, mihogo upande mmoja, mtama upande wa pili, na kaburi la Eliasi likiwa chini karibu na mawe makubwa. Flora alikuwa ametangulia, amelala kwa shangazi yake hapo kijijini. Alivaa gauni la safari lenye mikunjo, macho mekundu, na aliniamkia akiangalia viatu vyangu. Fredi, ambaye Getruda alimwita pia, alikuja kwa pikipiki, amevaa shati jeupe kama anayekwenda kanisani. Alimsalimu Getruda kwa adabu yote, hakukaa.

Getruda alisimama karibu na kaburi. Nadhani alikuwa ameyapanga maneno njiani.

"Barua ya kuuza shamba ni ya uongo," akasema. "Niliiandika mimi. Hakuna mnunuzi, hakuna kusaini. Niliiweka kwenye kompyuta tu, sikuichapisha. Aliyeijua ni Wegesa, na aliyekuwa ananichungulia. Sasa Flora ananiambia ni wewe umempigia simu kumweleza. Nakuuliza mbele ya kaka yako, Fredi, barua ile uliiona wapi?"

Fredi hakumjibu yeye. Alimgeukia Flora.

"Mwanangu, nilikupigia lini?"

Flora alitazama pembeni.

"Niambie tu. Siku gani?" Alitoa simu yake mfukoni, akamnyooshea Getruda. "Shemeji, tafuta humo. Mara ya mwisho kuongea na huyu mtoto ni Januari, aliponiambia amefika salama."

Getruda hakuipokea simu. Alikuwa anamtazama mwanawe, na nikaona uso wake unabadilika taratibu, kama mtu anayesoma karatasi asiyotaka kuimaliza.

"Flora?"

Flora alikaa chini, pale pale kwenye sementi ya kaburi la baba yake, akaanza kulia.

"Ni mimi, mama. Niliiweka mimi wakati wa Krismasi. Nilitaka nikusaidie printa nikiwa Dodoma, usihangaike. Hiyo tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia. Halafu nikaingia siku moja nikaona zile barua. Za huyo Lukas."

"Zina nini barua za Lukas?"

"Mama, humjui! Hujamwona hata sura! Mwanamke mwenzangu ofisini alianza hivyo hivyo, mtu wa mtandaoni, maneno mazuri, anamuuliza habari za marehemu mumewe. Leo hana hata kitanda. Nikasema huyu naye ataanza kuuliza kiinua mgongo, ataanza kuuliza shamba. Ndiyo maana nikatazama karatasi za shamba, nijue kama umemtumia."

"Alishawahi kuniomba kitu?"

"Bado."

"Bado," Getruda akarudia. Kisha akauliza jambo ambalo mimi sikulifikiria. "Kwa nini amenyamaza?"

Flora alifunika uso.

"Nilimwandikia. Kwenye imeili yako. Nilimwambia nimeshajua kwamba yeye ni tapeli, asiniandikie tena."

"Ulimwandikia kwa jina langu."

"Ndiyo."

"Akasemaje?"

"Alijibu siku ile ile. Alisema, samahani Mama kama nimekukosea, sitakusumbua tena. Nikazifuta, yake na yangu. Nikamzuia, barua zake zisikufikie tena."

Fredi alikuwa ameinamia pikipiki yake, anapangusa tanki ambalo halikuwa na vumbi. Getruda alijifunga khanga vizuri kiunoni, akatembea, akaingia kwenye mihogo mpaka tukaona kilemba chake tu. Alikaa huko muda mrefu. Flora alitaka kumfuata, nikamshika mkono.

"Mwache."

"Mama Wegesa, nilikuwa namlinda."

"Na baba yako mdogo je? Ulikuwa unamlinda na yeye?"

Hapo akalia kweli. Alisema jina la Fredi lilimtoka tu, kwa sababu mama yake ndiye anayelitajaga kila siku kwenye simu, Fredi hivi, Fredi vile, akaona halitaongeza kitu. Fredi alisikia. Bila kugeuka akasema, "Nilijua ni wewe tangu siku ile dukani. Mimi nilitengeneza printa kwa dakika kumi, wewe ulibaki kwenye ile meza mpaka tunaondoka. Nilishindwa kumwambia mama yako."

Getruda aliporudi alikwenda kwanza kwa Fredi. Alipiga goti, kitu ambacho sijamwona akimfanyia mtu mdogo kwake, na Fredi akamwinua haraka.

"Nimekuvunjia heshima mbele ya watu," akasema.

"Yameisha, shemeji."

Lakini hayakuisha siku ile. Yule mzee wa kofia ya pama hakurudi dukani, na wengine wakamfuata. Mji mdogo ukisikia kwamba fundi anachungulia barua za watu, hauulizi mara ya pili. Getruda alirudi Bunda siku nyingine ya gulio, akasimama mlangoni pale pale, akasema kwa sauti ya kwaya kwamba alimsingizia shemeji yake na kwamba mwenye kosa ni wa nyumbani kwake. Nilikuwepo. Watu walisikiliza, wakaendelea kuchagua nyanya. Fredi alimshukuru. Mpaka leo akija Nyasho anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, na kompyuta ya Getruda haigusi hata akiombwa.

Ile kompyuta Getruda aliisafisha mwenyewe, Jumatatu baada ya Butiama. Alihamishia nyimbo na picha za Eliasi kwenye flashi, kisha akafuta kila kitu, mfumo wote, akaweka mwingine wa bure. Ilimchukua siku nzima. Flora alikuwa amekaa pembeni, haruhusiwi kugusa wala kushauri. Mara mbili kompyuta ilikwama kwenye kioo cheusi, na mara zote mbili niliona vidole vya Flora vikitaka kwenda, akavirudisha mapajani. Mimi siku ile nilirudishiwa ufunguo wangu. Getruda aliuweka juu ya sato wawili waliofungwa kwenye gazeti, akasema, "Kuku wamekuuliza." Nikaupokea.

Kwa Lukas, baada ya kumwondolea kile kizuizi, aliandika barua ndefu, akaifuta, akaandika fupi. Alimweleza ukweli wote bila kumtaja Flora kwa jina. Alisema tu mtu wa karibu. Siku tisa zikapita. Jibu lilipokuja, halikuwa la yule Lukas wa zamani. "Nimesoma," alisema. "Nisamehe, sasa nami sijui anayeniandikia ni nani. Kama ni wewe Mama, niambie kosa la kwanza uliloniletea." Getruda alinisomea akatikisa kichwa, nikadhani amekasirika.

"Ana haki," akasema. "Hata mimi ningeuliza."

Alimjibu habari ya tenor na ukurasa wa pili. Lukas akatuma toleo jipya kesho yake, na wakaendelea na orodha za makosa, ila habari za mgongo wa mkewe hakuzirudia kwa miezi mingi.

Flora alikuja tena likizo mwezi wa tisa. Kabla ya hapo alikuwa akipiga simu kila Jumapili, na kila akiuliza jambo, mama yake alikuwa na desturi mpya ya kumuuliza, "Hilo umelisikia wapi?" Flora anaeleza, anataja na mtu na siku. Alizoea.

Jioni moja niliwakuta wamekaa wote wawili mezani. Flora alikuwa ameomba aonyeshwe namna ya kujaribu programu, kuanzia mwanzo, kama mgeni. Getruda alikuwa amemnunulia daftari lake, dogo, la mistari, na alikuwa akimwelekeza.

"Kwanza unaiandika. Usiguse kitu kabla hujaandika. Tarehe, jina, imetoka wapi."

Flora aliandika. Getruda akavuta kompyuta karibu yake ili aifungue, akaweka vidole kwenye herufi, akasita.

"Geuka," akamwambia.

Flora aligeuza kiti, akatupa mgongo, akawa anatazama uani ambako kuku walikuwa wakipanda kulala. Nilisikia mama yake akichapa neno la siri, polepole, herufi moja moja. Aligeuka alipoitwa.